Masika ya Mwisho ya Gesi ya Ishirini na Mbili

Machi 6

Mvua imeanza. Kila mwaka nikisimulia masika yalivyokwenda, watu husema Asnath anaongeza chumvi. Mwaka huu naandika siku ileile, kabla chumvi haijafika.

Kwa atakayesoma nikiwa sipo: mimi ni mtunza ghala la baridi la ushirika wetu, hapa Korogwe. Tuna vyumba vitatu, cha maziwa ya Handeni, cha mboga za milimani na cha nyama ya mbuzi. Nyuma yake kuna chumba cha mashine, na humo kompresa tatu kubwa zilizoletwa na wafadhili enzi ambazo wafadhili walikuwa bado wanatupenda. Kazi yangu ni kufungua milango, kufunga milango, na kugombana na wanaoiacha wazi. Nimeifanya muda mrefu kiasi kwamba hata kanisani huinuka kwenda kufunga mlango.

Chumba cha maziwa leo nyuzi nne. Ndivyo inavyotakiwa.

Machi 9

Nyuzi nne. Mvua.

Machi 15

Nyuzi sita. Kwenye bomba la mashine kuna kioo kidogo kama jicho la samaki. Gesi ikitosha, jicho huwa safi. Leo linatoa mapovu kama soda.

Nimempigia Mwinjuma, fundi wetu wa friji. Ni Mzigua wa Handeni. Mikono yake inajua kazi, mdomo wake haujui kupumzika. Akapaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba, moja baada ya jingine, mpaka moja likaanza kuvimba.

"Hapa ndipo anapopumulia," akasema.

"Ziba."

"Nitaziba, mama. Nikiziba hapa atapumulia pengine. Huyu mzee amechoka, na chakula chake hakipatikani."

Chakula chake ni gesi ya ishirini na mbili. Ndiyo iliyomo tangu mashine zije. Nchi zimekubaliana kuiacha, maana ikipanda huko juu inakula kile kinachotukinga na jua. Mitungi iliyobaki sokoni ni michache, na mingine ina jina tu la ishirini na mbili, ndani kuna anachokijua aliyejaza. Mwinjuma ametoa mtungi mdogo kwa rafiki yake Tanga mjini, ameongeza, jicho limetulia.

Machi 16

Nyuzi nne. Nimelala mchana, jambo ambalo silifanyi.

Machi 23

Mwenyekiti wetu, Mzee Kasmiri, amekuja kutazama mashine. Huzitazama kama mtu anavyomtazama mkwe asiye na kazi.

Mwinjuma alikuwa juu ya ngazi. "Mnyamwezi," akamwita, "babu yako alitembea kutoka Tabora kuja kukata mkonge. Mkonge umeisha. Unangoja nini hapa?"

"Namngoja Mzigua mmoja amalize kazi aliyoianza. Nitazeeka."

"Umeshazeeka. Jeneza lako nitalibeba mimi, na nitalidondosha makusudi."

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mgeni angedhani watapigana. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Mmoja anaweza kumwambia mwenzake neno ambalo likisemwa na mtu mwingine linakwenda polisi, na anayekasirika ndiye anayeaibika. Mimi mtu wa Vugiri, kule milimani, hukaa pembeni nikitazama kama mpira.

Alipomaliza kukohoa, mzee akaniambia jambo ambalo si la utani. Mwaka jana maziwa yaliharibika mara mbili. Wanachama wamechoka. Kuna mfanyabiashara wa saruji anayelitaka jengo, na amesema ataliezeka upya. Ghala likilala mara moja tena kabla ya mkutano mkuu wa Juni, wanampa.

Saruji haihitaji mtu wa kufunga mlango.

Machi 29

Nyuzi tano. Zuena amefika na maziwa ya Mazingara, huko Handeni, magoti yake yana tope, gari lao limesukumwa njiani. Zuena ndiye kiongozi wa akina mama wa huko. Wakishashusha keni hukaa barazani kusubiri maziwa yapimwe, wanawasha jiko la mkaa, wanachemsha chai. Baraza lenyewe linapakana na chumba cha mashine. Ukuta una matundu ya hewa, na joto la kompresa huwakausha nguo.

Nimemweleza habari ya saruji. Akanywa chai yake yote kwanza.

"Masika haya ng'ombe wanatoa maziwa mpaka ndama wanayakimbia," akasema. "Wakifunga hapa, tutayarudisha kwenye chupa za barabarani. Yatakayobaki tutamwaga. Mimi nimeshamwaga maziwa, Asnath. Mtu anazoea msiba, hazoei kumwaga maziwa."

Aprili 2

Amekuja Deogratius kutoka Tanga mjini, muuza gesi na vipuri vya mashine za baridi. Shati jeupe katika tope la masika. Nilimpa alama mbovu kabla hajashuka garini.

Akakagua asubuhi yote. Akaniuliza mlango upi unafunguliwa sana, saa ngapi maziwa yanaingia yakiwa ya moto, na chumba kipi huchelewa kupoa. Wageni wengi wakija hapa huniuliza choo kiko wapi. Nimemwongezea alama kidogo.

Aprili 7

Nyuzi sita. Mvua.

Aprili 8

Nyuzi sita. Mvua. Mzee Kasmiri anasema analishughulikia.

Aprili 12

Kikao cha kamati, kuchagua gesi mpya. Nilikuwepo kwa sababu ya chai. Mtu anayemimina chai husikia yote, na hakuna anayemwomba maoni.

Deogratius alisimama akaanza na lile tundu la juu angani, linalotobolewa na ishirini na mbili.

"Tundu la juu nalijua," Mzee Kasmiri akasema. "Liko juu ya ofisi yangu, linavuja tangu Machi."

Wakacheka. Deogratius akangoja, akaendelea. Akasema kuna amonia, inapoza kuliko zote, ila inakula shaba na mabomba yetu ni ya shaba. Tungejenga upya. Kuna hewa ileile inayotia mapovu kwenye soda, nayo inapoza, ila msukumo wake ungepasua mabomba haya kama bisi kwenye moto mkali. Kwa mashine hizi kuukuu, akasema, zinabaki mbili. Moja haiidhuru anga sana kama nyingine, lakini haielewani na mafuta yaliyomo. Itabidi tuyamwage, tuoshe, tutie mengine, tuoshe tena. Ya pili inaelewana na mafuta ya zamani. Baridi yake inapungua kidogo, tutavumilia. Hata hivyo kwa yoyote kati ya hizo lazima mipira yote ya kwenye maungio ibadilishwe.

"Kwa nini mipira? Ni mizima," mtu akauliza.

"Mipira imeishi na ishirini na mbili miaka yote, imenenepa kwayo. Ukiiondoa gesi ile, mipira inakonda, kila ungio linavuja."

"Kama mjane," mjumbe mmoja akasema, na watu wakanitazama. Mimi ni mjane. Sijakonda. Nikaendelea kumimina.

Ndipo Mzee Kasmiri akasema wazo lake, na nikajua alikuja nalo mfukoni. Kuna duka Mkumbara lenye friji iliyotiwa gesi ya kupikia. Inagandisha mpaka soda zinapasuka. Gesi ya kupikia ipo kila duka, haina cha nchi kukubaliana na nchi, haitaki mafuta mapya wala mipira mipya. "Na anayebisha amwulize fundi aliyeijaza," akasema. "Yule pale. Mwinjuma, ni kweli au si kweli?"

Mwinjuma akainuka polepole. Sijapata kumwona akiinuka polepole.

"Ni kweli, nilijaza. Friji ile ndogo, gesi yake haijai kikombe cha chai. Na hata ile sikupaswa. Hapa ni mapipa, Mnyamwezi. Mashine hizi hazikutengenezwa kwa gesi inayowaka. Swichi zake zinatoa cheche kila zinapojiwasha, na maungio yanavuja tunayajua. Hapo nje akina mama wana jiko la mkaa. Utatuchoma wote kama mihogo."

Laiti angekomea kwenye jiko la mkaa. Lakini akasema Mnyamwezi, akasema mihogo, na kamati nzima ikaangua kicheko.

"Mzigua anaogopa moto," Mzee Kasmiri akasema, "kwao bado wanakula mbichi."

Kicheko tena. Mwinjuma akainua mikono. "Sitanii," akasema. Hapo ndipo walipocheka kuliko mwanzo, maana kila mtani husema hivyo.

Deogratius naye akasema ni hatari, akaeleza vizuri kuliko nitakavyoweza kuandika. Mjumbe mmoja akamjibu kwa upole: kijana, wewe unauza gesi, ungesema gesi ya mwenzako nzuri tungekushangaa.

Wakapitisha. Gesi ya kupikia, mara barabara ikikauka.

Nimerudi ghalani na birika tupu. Walioujua ukweli mle ndani walikuwa watatu. Mmoja muuzaji, mmoja mtani, mmoja mwenye birika.

Aprili 13

Nimemfuata Mzee Kasmiri ofisini. Shikamoo, marahaba. Nikamwambia habari ya baraza, matundu ya hewa, jiko la akina mama.

"Waambie wasiwashe jiko."

"Mzee, masika haya, wanafika wameloa. Wataliwasha nikigeuka tu."

"Asnath," akasema, bila ukali, kwa uchovu tu, "kazi yako ni mlango."

Nikatoka. Niliufunga.

Aprili 19

Nyuzi saba. Maziwa ya Mazingara hayakufika, maji yamepita juu ya barabara.

Aprili 20

Hayakufika.

Aprili 22

Yamefika. Nyuzi saba. Zuena ananitazama usoni kabla ya kutazama kipimo, siku hizi ananisoma mimi.

Mei 2

Jua siku mbili. Barabara imekauka, na mitungi imekuja. Mitungi mikubwa ya gesi ya kupikia, imepangwa chumba cha mashine kama wageni wa harusi. Mwinjuma amekataa kuigusa. Mzee Kasmiri amesema sawa, kuna fundi wa barabarani anayejaza jokofu za samaki, atakuja wiki ijayo. Ufunguo wa chumba cha mashine sasa anatembea nao yeye mwenyewe, kiunoni, kwenye shada moja na funguo za nyumbani kwake.

Nilimkuta Mwinjuma amekaa juu ya keni tupu nje.

"Nimemwambia tena leo," akasema. "Nimemwambia kwa adabu zote. Unajua alinijibu nini? 'Mzigua akiwa na adabu ujue ana njaa.' Akanipa sambusa."

"Ukaila?"

"Nilikuwa na njaa."

Nilikuwa namdhania Mwinjuma ni mtu anayecheka kwa sababu hajali. Leo nimeona ni kama mtu aliyevaa nguo ya ngoma, nyumba ikaungua, akakimbia kuita watu, na watu wakaanza kupiga makofi.

Mei 5

Shangazi yake Mzee Kasmiri amefariki, bibi wa siku nyingi ambaye ndiye aliyemlea. Fundi wa barabarani ameambiwa asubiri msiba upite.

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Jioni nikamwambia Mwinjuma, nikifunga chumba cha nyama, kama mtu anayeongea na komeo: "Mkutanoni mtani huchekwa. Msibani je?"

"Msibani hulipwa," akasema.

Nikafunga komeo la pili. "Na huchagua anacholipwa?"

Akaokota spana zake. Alipofika kwenye geti alisimama, akanitazama, akaenda zake bila mzaha wowote. Zuena nilimpigia simu. Yeye naye ni Mzigua, kwa hiyo kwa Mzee Kasmiri ni mtani. Nilimwambia tu kwamba kuna msiba, na kwamba ni vizuri watani wakawepo wengi.

Mei 7

Naandika nguo zikiwa bado zimeloa.

Mazishi yalikuwa mchana, huku kwenye makaburi ya zamani ya watu wa mkonge. Walikuja Wazigua wengi, na akina mama wa Mazingara na keni zao, wamepitia moja kwa moja kutoka ghalani. Watani walifanya mambo yao tangu nyumbani. Walificha sepeto. Mmoja alivaa kanga ya marehemu akaanza kuwagombeza wafiwa kwa sauti yake, mpaka Mzee Kasmiri, ambaye alikuwa hajatabasamu tangu juzi, akatabasamu. Ndiyo kazi ya watani msibani, kumzuia mfiwa asizame.

Tulipofika kaburini, kabla jeneza halijateremshwa, Mwinjuma akaruka ndani ya kaburi akalala chali.

Hilo nalo ni la kawaida. Mtani hulala kaburini, hudai kuku, mbuzi, pesa kidogo, hupewa, hutoka, watu wanaendelea. Mzee Kasmiri akatupa noti. Mwinjuma akairudisha. Akaahidiwa jogoo. Akatikisa kichwa. Akaahidiwa mbuzi, na watu wakapiga vigelegele, maana huyo shangazi thamani yake imepanda.

"Unataka nini, Mzigua?" mzee akauliza.

"Nataka ufunguo wa chumba cha mashine."

Watu wakacheka. Mwinjuma alikuwa amelala, mikono kifuani, anatazama mawingu. Hakucheka. Mvua ikaanza, ya matone makubwa. Padri akafunguliwa mwavuli. Kicheko kikaendelea kidogo peke yake, kikaona hakuna aliye nacho, kikaisha.

"Toka, Mwinjuma," mzee akasema. Hakumwita Mzigua.

"Ufunguo. Na useme mbele ya shangazi yako kwamba gesi ya kupikia haitaingia kwenye mashine zile."

"Haya si ya hapa."

"Ya hapa ndiyo haya. Kule nilisema mkacheka." Maji yalikuwa yameanza kutuama chini ya mgongo wake. "Akina mama hawa wanakaa barazani kwako wakiwa na moto. Gesi ile ikitoka kwenye bomba itapita kwenye matundu ya ukuta iwafuate. Sina kaburi la kulala kwa kila mmoja wao. Nimelala kwenye hili."

Zuena akasogea, akaweka keni yake kwenye ukingo wa kaburi, akaikalia. Akina mama wengine wakaweka za kwao. Ndugu mmoja wa marehemu akaanza kufoka, na mzee wa upande wao wenyewe akamshika mkono: mtani hafokewi.

Mzee Kasmiri alisimama na mvua inamtiririka usoni, kwa hiyo sijui ilikuwa ipi mvua na ipi siyo. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyomfahamu nilimwona ni mtu mzima aliyefiwa na mtu aliyemlea, na aliyechoka kuwa ndiye anayejua kila kitu. Akafungua shada la funguo kiunoni. Vidole vilikuwa vinateleza, ufunguo ulikataa kutoka kwenye pete, ikawa kazi ndefu. Mwishowe akautoa. Akainama akauweka kwenye kiganja cha Mwinjuma.

"Haitaingia," akasema. "Shangazi amesikia."

Mwinjuma akatoka, tope mgongo mzima. Akashika kamba, akasaidia kumteremsha bibi, taratibu, kama yai. Hakudondosha kitu.

Mei 8

Kilichomkomboa maiti hakidaiwi kurudi. Mwinjuma amening'iniza ufunguo shingoni. Mitungi imerudishwa dukani. Mzee Kasmiri amemwita Deogratius kwa simu, mbele yangu, akaagiza ile gesi inayoelewana na mafuta ya zamani, pamoja na mipira yote. Hakunitazama.

Mei 10

Nyuzi nane. Gesi mpya iko njiani, mipira haijapatikana.

Mei 11

Nyuzi tisa. Mwinjuma anasema ishirini na mbili iliyobaki haitoshi vyumba vitatu. Inatosha kimoja.

Nyama imepelekwa kwa wenye majokofu mjini, ikachukuliwa yote. Zimebaki mboga na maziwa. Maziwa ya Mazingara, ambayo yakichacha siku yoyote kuanzia leo jengo linapewa mtu wa saruji. Na karoti na kabichi za Vugiri, chumba kizima, nyingi za kaka yangu Habakuki.

Waliniuliza mimi. Mzee Kasmiri ndiye aliyeuliza: "Mtunza ghala, tufunge kipi?"

Nimekaa miaka yote nikilalamika moyoni kwamba haniulizi mtu.

"Mboga," nikasema.

Mwinjuma akafunga valvu ya chumba cha mboga. Feni zikazunguka kidogo kwa mazoea, zikasimama.

Mei 13

Chumba cha maziwa nyuzi tano. Chumba cha mboga sikukipima. Kilinuka.

Mei 14

Habakuki amepiga simu. Nilimpigia tangu juzi ashushe mtu wa kuzichukua, lakini udongo umeporomoka, gari halishuki kutoka mlimani. Kabichi nilizigawa kwa majirani, karoti tumeuza ndoo kwa ndoo barabarani, nyingi zimeishia kwa ng'ombe.

"Umeokoa maziwa ya watu," akasema, "karoti za ndugu yako zimeliwa na ng'ombe wa watu."

"Ndiyo, kaka."

"Walau wamezipenda?"

"Sana."

Akakata simu. Kwa Habakuki huo ni msamaha nusu. Nusu nyingine italetwa na mavuno ya mwakani.

Mei 19

Mipira imefika, na Deogratius amefika nayo, shati la kaki safari hii. Nimemwongezea alama.

Wamefanya kazi yeye na Mwinjuma siku nzima, ubavu kwa ubavu. Kwanza walivuta ile ishirini na mbili iliyobaki wakaifungia kwenye mtungi wake, maana Deogratius alikataa kabisa kuiachia hewani. Halafu wakafungua maungio. Kila mpira uliotoka ulikuwa umevimba kama kidole kilichoumwa na nyuki. Nikakumbuka neno la mjane.

Gesi mpya ni mchanganyiko wa gesi zaidi ya moja. Wakaitia mtungi ukiwa umesimama kichwa chini, itoke ikiwa maji, zote kwa pamoja. Ikitoka kama mvuke, iliyo nyepesi inatangulia na unabaki na mchuzi bila nyama. Na ikivuja siku moja hairuhusiwi kuongezewa na ya zamani. Mwinjuma ameandika mlangoni kwa rangi nyekundu: ISHIRINI NA MBILI HAIPO TENA HAPA.

Mzee Kasmiri alikuja, akakuta mlango wa chumba cha mashine umefungwa. Mwenyekiti wa ushirika akabisha hodi.

"Nani?" Mwinjuma akauliza, akijua.

"Mnyamwezi."

"Wapo wengi. Yupi?"

"Aliyefiwa."

Mwinjuma akafungua.

Mei 21

Nyuzi tano. Inapoa polepole kuliko ile ya zamani. Tunavumilia.

Mei 26

Nyuzi nne. Mvua imepungua, inanyesha kwa kujikumbusha tu.

Tatizo jipya: sasa Mwinjuma akisema kitu kila mtu anaamini. Jana alisema gesi mpya inaotesha ndevu, na mjumbe mmoja wa kamati amekuja kuniuliza kama ni kweli. Nikamwambia mimi kazi yangu ni mlango.

Juni 8

Mkutano mkuu. Mtu wa saruji alikuja na miwani mizuri. Zuena alisimama, akasema maziwa hayajachacha hata keni moja masika yote, akakaa. Hotuba nzima ilikuwa hiyo. Habakuki, aliyeshuka mlimani kwa ajili ya mkutano huu, akasema yeye ndiye aliyeharibikiwa, na anapiga kura ghala libaki, na atakayemuuliza kwa nini asimuulize.

Ghala limebaki. Mtu wa saruji amevua miwani akaenda zake.

Juni 11

Leo Mzee Kasmiri amekuja peke yake. Akakaa juu ya keni tupu, pale alipokaa Mwinjuma siku ile.

"Nilikuwa nimeshasema mbele ya watu," akasema, kama tuko katikati ya mazungumzo. "Tangu usiku wa kikao nilikuwa na wasiwasi. Lakini mtu akishapanda mbele ya watu anashuka wapi?"

Masika yote nilidhani hasikii. Alikuwa anasikia, hakuwa na ngazi.

"Mwinjuma ni Mzigua," akaendelea, "akili yake naijua mpaka mwisho. Kaburini hakufika peke yake. Kuna mtu alimwelekeza."

Nikafuta kipimo kwa kanga, ingawa kilikuwa safi.

"Kwa nini hukunifuata mwenyewe mara ya pili?"

"Mtani ukimkasirikia, mzee, unaaibika wewe. Mimi ukinikasirikia narudi Vugiri. Na kule sasa hivi nina deni la karoti."

Hakucheka. Akatikisa kichwa muda mrefu, akainuka akishika magoti, akatoka kupitia chumba cha maziwa. Baridi ikaanza kunifuata miguuni.

"Mzee," nikamwita. "Mlango."

Akarudi akaufunga.

Nyuzi nne.